Mkono Hauinuki: Nani Aende Kwenye Mashine ya MRI?

Msimu wa kahawa ukianza, zahanati zetu za Karagwe na Kyerwa hupokea watu wengi wenye maumivu ya bega. Hilo si jambo la kushangaza. Mkulima wa huku hutumia bega tangu alfajiri mpaka jioni. Hulima maharage kwa jembe, hukata majani ya migomba yaliyo juu ya kichwa chake, hubeba mkungu wa ndizi kutoka shambani, kisha hupandisha gunia la kahawa juu ya baiskeli au pikipiki kulipeleka chama cha msingi. Huko Kyerwa wako pia wachimbaji wa bati, ambao hupiga nyundo na sururu mashimoni siku nzima. Na siku hizi wako vijana wa bodaboda, wanaoanguka katika vilima vyetu mkono ukitangulia chini.

Zamani mtu wa namna hii aliomba dawa ya kuchua tu. Sasa wengi huomba jambo jingine. Wamesikia kwa jamaa waliotibiwa Mwanza au Dar es Salaam kwamba iko mashine inayoitwa MRI, na kwamba mtu akichomwa sindano ya dawa begani, kisha akaingizwa katika mashine hiyo, ugonjwa wote huonekana. Hufika zahanati na kusema: "Daktari, niandikie ile mashine." Wengine wamekwisha uza ng'ombe kabla bega lao halijashikwa na mganga yeyote.

Habari waliyoisikia ni ya kweli, lakini ni nusu. Mashine hiyo huonyesha ugonjwa, haitibu. Wako watu ambao ni lazima wafike huko, tena upesi, na wako wengine ambao fedha zao zitakwenda bure. Leo tueleze namna ya kuwatenganisha.

Kitu gani huchanika begani?

Aliyewahi kuchinja mbuzi anakifahamu kitu hiki. Mwisho wa mnofu, pale unaposhikana na mfupa, pana kitu cheupe, kigumu, kinachoteleza, ambacho kisu hukikata kwa shida. Hiyo ndiyo kano. Kazi yake ni kuufunga msuli kwenye mfupa. Msuli ukijivuta, kano huvuta mfupa, na mkono huinuka.

Katika bega zimo kano nne ambazo hufanya kazi pamoja. Hutoka kwenye misuli iliyoshika fupa bapa la mgongoni, nazo huungana na kukifunika kichwa cha mfupa wa mkono kama kofia. Kofia hiyo hukishika kichwa cha mfupa kisitoke mahali pake wakati mkono unapozunguka. Kano ya juu hupita katika njia nyembamba, chini ya paa la mfupa, nayo ndiyo inayochanika mara nyingi kuliko nyingine.

Kuchanika huko ni kwa namna mbili. Kwanza ni kuchakaa pole pole, kama kamba ya ndoo ya kisimani: uzi mmoja unakatika leo, mwingine mwakani. Huwapata zaidi waliovuka miaka 40. Namna ya pili ni ya ghafla. Mtu ameanguka, au amedaka gunia lililokuwa likiporomoka, akasikia kitu kimekatika ndani ya bega, na kuanzia saa ile mkono hauinuki.

Pimeni kwanza kwa mikono

Kipimo cha kwanza hakina gharama, na kinaweza kufanywa hata nyumbani. Mgonjwa akae juu ya kiti na kuvua shati. Ajaribu kuinua mkono wake mwenyewe kwa upande mpaka juu. Akishindwa, mwenzake amwinulie mkono huo pole pole, bila kutumia nguvu.

Ikiwa mwenzake naye hawezi, yaani bega limekaza kama bawaba iliyoshika kutu, hilo tuliite bega linalogoma. Mara nyingi ni ugonjwa wa bega kuganda. Huwapata sana wenye kisukari, kwa hiyo mtu huyo apimwe sukari. Tone moja la damu katika zahanati litamfaa kuliko safari ya Mwanza. Bega lililoganda huchukua muda mrefu, miezi mingi na pengine zaidi ya mwaka, lakini kwa kawaida hulegea.

Ikiwa mwenzake anauinua mkono mpaka juu bila kizuizi, lakini akiuachia unaporomoka kwa kuwa mwenyewe hawezi kuushikilia, hilo ni bega linaloshindwa. Hapo yawezekana kano imekatika, au mshipa wa fahamu unaoamrisha msuli umeumia. Huyu ndiye tunayemtafuta.

Wako na wengine ambao shida yao si kano. Mwenye bega lililovimba, lenye moto, pamoja na homa, afike hospitali siku hiyo hiyo. Anayeumwa bega kwa miezi huku akikonda na kutoka jasho usiku apimwe kifua kikuu, kwa maana ugonjwa huo hukaa hata katika viungo. Maumivu yanayotoka shingoni na kushuka mpaka vidoleni pamoja na ganzi, chanzo chake ni shingo. Na mtu mzima anayeshikwa ghafla na maumivu ya bega, kifua kikambana na jasho likamtoka, msipoteze muda kumpima mkono. Huenda ni moyo.

Aliyeanguka asingoje

Kijana mmoja wa bodaboda aliletwa kwangu miezi saba baada ya kuanguka. Muda wote huo alikuwa hajafika hospitali. Alichanjwa chale, akafungwa majani, akachuliwa kwa mafuta ya moto kila jioni. Maumivu yalipungua, kwa hiyo jamaa zake waliona kuwa anapona. Lakini mkono haukuinuka. Nilipomtazama kwa nyuma niliona shimo juu ya fupa la bega, mahali ambapo upande wa pili palikuwa na nyama.

Shimo lile lina maana kubwa. Kano ikikatika kabisa, msuli hauna tena kitu cha kuvuta. Hujikunja kurudi nyuma, kama mpira wa manati uliokatika. Kadiri miezi inavyopita, msuli hukonda na nyama yake hugeuka mafuta. Daktari wa upasuaji anaweza kuivuta kano na kuishona mahali pake kwenye mfupa, lakini msuli uliokwisha geuka mafuta hauwi tena msuli kama ulivyokuwa. Maumivu kupungua si dalili kwamba kano imejishona.

Kwa sababu hiyo, mtu aliyekuwa mzima, akaanguka, na tangu siku hiyo bega lake linashindwa, asikae nyumbani. Apigwe eksirei katika hospitali ya wilaya, au Nyakahanga kwa wa Karagwe, au Isingiro kwa wa Kyerwa, ili ijulikane kama mfupa umevunjika au umetenguka. Apewe dawa ya maumivu na kuupumzisha mkono siku chache. Wiki mbili zikipita na mkono bado unaporomoka, apewe barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa mifupa. Kushona kano iliyochanika kwa ajali hufaa zaidi kukifanywa mapema, katika majuma ya mwanzo, wala si mwaka unaofuata. Kwa maoni yangu, huyu ndiye ambaye jamaa wakiuza ng'ombe kwa ajili yake hawatajuta.

MRI hufanya kazi namna gani?

Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini kano haionekani ndani yake. Altrasaundi, ile ile inayotumika kuangalia mimba, huweza kuonyesha kano iliyochanika endapo anayeishika amefundishwa kutazama bega. Ujuzi huo hauko kila mahali. Hata hivyo yafaa kuuliza katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, kabla ya kwenda mbali zaidi, maana bei ya altrasaundi ni ndogo kuliko ya MRI.

MRI ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa refu lililolazwa. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu inayozidi ile ya sumaku ya dunia, inayogeuza mshale wa dira, kiasi cha mara 30,000. Sasa, mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji mna chembe ndogo mno za haidrojeni. Kila chembe ni kama kisumaku. Mgonjwa akilala ndani ya pipa, visumaku hivyo hujipanga. Kisha mashine hupeleka mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayokuletea taarifa ya habari nyumbani, na visumaku huyumba. Mawimbi yakikatizwa, visumaku hurudi mahali pake, na katika kurudi hutoa ishara. Maji hurudi kwa mwendo wake, mafuta kwa mwendo wake, nyama kwa mwendo wake. Kompyuta hupokea ishara hizo na kuchora picha, ambamo kano nzima huonekana nyeusi. Waliofungua njia ya kutengeneza picha za namna hii, Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Mionzi ya eksirei haitumiki. Nasema hivi kwa sababu wako wanaoogopa kwamba mashine "inachoma" mwili.

Dawa ya kung'arisha picha

Fundi baiskeli wa Omurushaka hatafuti tundu la tyubu kwa macho tu. Huijaza upepo, huitumbukiza katika karai la maji, akaangalia mapovu yanatokea wapi. Sindano ya begani ni kazi ya namna hiyo hiyo.

Kwanza mgonjwa hutiwa ganzi kwenye ngozi. Kisha daktari huingiza sindano nyembamba mpaka ndani ya kiungo, akiongozwa na eksirei au altrasaundi ili asipotee njia. Hupitisha humo maji yaliyochanganywa na dawa kidogo sana yenye madini ya gadoliniamu. Yote kwa jumla ni kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya chai, na kiungo hujaa kama tyubu iliyotiwa upepo. Kazi ya gadoliniamu ni kuzifanya chembe za maji zilizo jirani nayo zirudi upesi zaidi, na kwa hiyo maji hayo hung'aa meupe katika picha. Mgonjwa huingizwa katika mashine mapema, kabla mwili haujayanyonya.

Msomaji wa picha hutazama weupe umefika wapi. Kofia ya kano ikiwa nzima, weupe hubaki ndani ya kiungo. Ikiwa imetoboka, weupe hupenya na kuingia katika kifuko kilicho juu ya kano, mahali ambapo haukutakiwa kufika. Ikiwa imechanika nusu kwa upande wa chini, weupe huingia katika ufa na kukomea hapo. Mchaniko huu wa nusu ndio unaoweza kujificha katika picha isiyo na dawa.

Je, kila mgonjwa wa bega ahitaji sindano hii? Hapana. Kano iliyokatika kabisa huonekana mara nyingi katika MRI ya kawaida. Sindano hufaa pale daktari anaposhuku mchaniko mdogo, au kwa kijana ambaye bega lake limetenguka mara kwa mara na ukingo wa gegedu unadhaniwa kung'oka. Mgonjwa akiambiwa hahitaji dawa, asione amepunjwa. Iko pia namna ya kupitisha dawa katika mshipa wa damu. Hiyo hutumika zaidi wanapotafuta uvimbe au maambukizo.

Kabla ya kuingia, mgonjwa aeleze kila kitu cha chuma kilichomo mwilini mwake. Sumaku ile haina mchezo. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo aseme. Mchomeleaji au mchimbaji aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni aseme. Katika mkoa wetu wako pia wazee waliojeruhiwa katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na baadhi yao bado wana vipande vya bomu mwilini; nao waseme. Mama mjamzito aseme, na mwenye ugonjwa wa figo aseme, kwa maana tangu mwaka 2006 madaktari wanajua kwamba aina fulani za dawa hii, zikipitishwa katika damu ya mtu ambaye figo zake zimeshindwa, huweza kuleta ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa. Simu, funguo, sarafu na mkanda viachwe nje.

Ndani ya pipa ni pembamba, na mashine hupiga kelele kama mtu anayegonga mabati. Mgonjwa hupewa vizibo vya masikio, naye hutakiwa kulala kimya bila kujitikisa kwa nusu saa au zaidi. Anayeogopa mahali pembamba atangulie kusema. Baada ya sindano bega huweza kuwa zito kwa siku moja au mbili. Likizidi kuuma, likawa na moto au homa ikaja, arudi hospitali mara moja.

Wazee wetu je?

Mzee mmoja aliyepita miaka 70 aliniambia: "Mwanangu, mimi nataka hiyo mashine kabla sijafa." Nilimpima. Mkono wake uliinuka mpaka juu, ingawa kwa maumivu, na usiku hakuweza kulalia upande ule. Hakuwahi kuanguka. Nilimwuliza: "Mzee wangu, picha ikionyesha kano imechakaa, utakubali kupasuliwa?" Akacheka na kusema hapana. Basi tulikuwa tumekwisha pata jibu.

Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walitangaza habari ya watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na maumivu hata kidogo. Walipigwa picha za MRI, na karibu theluthi moja walikutwa na kano zilizochanika. Kwa wale waliovuka miaka 60, walikuwa zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba picha ya mzee huweza kuonyesha mchaniko usio chanzo cha maumivu yake. Na mwaka 2014 wataalamu wa Ufini waliwalinganisha wagonjwa waliopita miaka 55 ambao kano zao za juu zilichanika bila ajali. Baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa hawakuwa wamepata nafuu kubwa kuliko waliofanya mazoezi tu.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. Mgonjwa ainame akishika meza kwa mkono mzima, aache mkono mgonjwa uning'inie, kisha auyumbishe kama ndoo kwenye kamba. Halafu asimame akiutazama ukuta na kupandisha vidole juu yake kama mjusi apandavyo, kila siku hatua moja zaidi. Maumivu yakipungua, achukue kipande cha tyubu ya baiskeli na kukifunga kwenye mwimo wa mlango. Kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, avute tyubu kuelekea nje pole pole mara 10, apumzike, arudie. Afanye hivyo asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Wengi huacha katika wiki ya pili, kisha husema mazoezi hayafai kitu. Mizigo mizito ishushwe kwanza: mkungu ubebwe na wawili au upakiwe kwenye toroli. Mkono usifungwe kitambaa kwa majuma, maana bega litaganda. Iko sindano ya kupunguza uvimbe ambayo huleta nafuu kwa muda, lakini ikirudiwa rudiwa huweza kuidhoofisha kano. Ichomwe hospitali na daktari, wala si dukani.

Ikiwa miezi mitatu imekwisha, mazoezi yamefanywa kweli, na mtu bado hawezi kulima wala kulala, basi naye apewe rufaa. Umri peke yake haumnyimi mtu haki ya kupimwa.

Kujiandaa kwa safari

Hospitali kubwa ya rufaa ya kanda yetu ni Bugando, Mwanza. Wengine hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, basi linalopitia Biharamulo na Geita halingoji tena kivuko. Hata hivyo safari ni ya siku nzima, na kwa mtu wa Murongo au Kaisho huanza siku moja kabla. Ni mgonjwa na msindikizaji wake, nauli za watu wawili, chakula na mahali pa kulala.

Kwa hiyo simu ipigwe kabla ya kuondoka, na zahanati yaweza kusaidia. Ulizeni kama mashine inafanya kazi wiki hiyo, kwa maana mashine huharibika. Ulizeni bei kamili, na kama bima yenu inalipia kipimo hicho au hailipi. Ikiwa daktari ameandika sindano ya ndani ya kiungo, ulizeni kama huifanya hapo na ni siku gani mtaalamu wake yupo. Bila hivyo mtalala Mwanza siku nyingi mkimngoja. Daktari wa mifupa amwone mgonjwa kwanza, maana yeye ndiye ajuaye anataka picha ya namna gani.

Mgonjwa achukue barua ya rufaa, picha za eksirei za zamani, kadi ya kliniki kama ana kisukari au shinikizo la damu, na orodha ya dawa anazotumia. Katika barua iandikwe tarehe ya kuanguka na mkono anaoutumia kulimia. Akirudi, alete karatasi ya majibu zahanati, hata kama ameambiwa hakuna upasuaji, ili tujue ni mazoezi gani aendelee nayo na aache yapi.